Nilibonyeza "Nakubali" kwa Niaba Yao

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Nimerudi kutoka Ihembe nikiwa na tope mpaka magotini. Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, lakini mwili bado haujatulia.

Simu nimeizima nikaiweka kabatini, chini ya mashuka. Naandika haya kwenye daftari kwanza, kwa kalamu. Nitayanakili bloguni nikishaweza kuishika simu bila kuiangalia kama nyoka.

Kwa asiyenijua: mimi ni Zaituni, fundi cherehani hapa Nkwenda. Babu yangu alikuja na biashara ya vitambaa kutoka upande wa Pangani, akaoa huku, akazikwa huku. Nyumbani tulikua tukichanganya Kiswahili chake na Kinyambo cha bibi. Nimeolewa miaka saba. Sina mtoto. Katika mji ambao kila mwanamke wa rika langu anaitwa Mama fulani, mimi bado naitwa Zai Fundi.

Labda ndiyo maana nililipenda sana lile jina lingine. Dada Sindano.

Jina hilo nililipata mtandaoni. Kuna mchezo wa redio unaitwa Majirani wa Kisimani. Nashona nikiusikiliza, na mara nyingi nimeshona mkono wa kushoto pale pa kulia kwa sababu yake. Wapenzi wa mchezo huo wana jukwaa lao, Baraza la Kisimani, ambako tunabishana nani ana kosa, nani ataachika, nani atarithi. Nilijiunga kama mchezo. Baada ya mwaka mmoja mwenye jukwaa, ambaye wote tunamwita Katibu na ambaye sijawahi kumwona kwa macho, aliniomba niwe mlezi. Kazi yangu ilikuwa kukaribisha wageni, kufuta matusi, na kutunza ufunguo wa Chumba cha Uani.

Chumba cha Uani ni cha wanawake peke yao. Huingii mpaka mlezi akukubalie. Humo tulianza kwa kuzungumza habari za mchezo, halafu siku moja mtu akasema, jamani, haya yaliyompata yule mke yamenipata na mimi. Kuanzia hapo mchezo ukawa kisingizio tu. Wanawake walilia humo. Walisema vitu ambavyo hawajawahi kumwambia mama mzazi.

Nami nikasema changu.

Niliandika kwamba miaka mitatu iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda kupima hospitali ya mbali, tusikojulikana. Majibu yalionyesha mimi sina tatizo. Tatizo liko kwake. Tukiwa njiani kurudi tulikubaliana kwamba habari hiyo itabaki ya watu wawili, na mbele ya mama mkwe na mawifi lawama nitaibeba mimi. Nimeibeba. Ni mimi niliyependekeza. Lakini siku moja wifi alinitupia neno mbele ya wateja, neno la mti usiozaa, na jioni ile nikaingia Chumba cha Uani nikaandika yote, kwa jina la Dada Sindano. Wanawake zaidi ya thelathini waliniandikia pole. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, nikiwa napima kiuno cha mteja, simu iliita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, tamu, ya mtu aliyefundishwa kuongea.

"Dada Sindano, habari za kazi?"

Futi ya kupimia ilinianguka.

Aliendelea. Alisema anapiga kutoka kituo cha tiba asili, kwamba wana dawa ya wanaume, kwamba mzee wangu anaweza kupona ndani ya miezi miwili, na kwamba kama naona aibu kumwambia, wao wanaweza kumpigia wenyewe kwa heshima zote.

Nilikata. Mteja akaniuliza kama nimepata msiba.

Wao wanaweza kumpigia wenyewe. Sentensi hiyo nilitembea nayo siku nzima. Walikuwa na namba yangu. Je, na ya mume wangu, Twaha, wanayo? Jioni aliporudi kutoka dukani kwake, ambako anauza vipuri vya pikipiki, kila simu yake ilipoita niliacha ninachokifanya nikasikiliza. Mara ya nne akaniangalia. "Vipi, Zai? Unamsubiri nani?" Nikasema simsubiri mtu.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Naomba nikiri kitu. Mwanzoni sikushuku mtandao. Hata dakika moja. Mtandao niliuona kama redio, kama ukuta, kitu kisicho na mdomo. Mtu wa pwani husema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kupekua nguo zangu.

Mtu mmoja tu hapa kwetu ndiye aliyejua kwamba Dada Sindano ni mimi. Adelina.

Adelina ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kamuli. Tulifahamiana alipoleta kitambaa cha sare ya kwaya ya kanisa lao la Kilutheri, tukagundua wote tunaufuata mchezo uleule. Mimi ndiye niliyemwingiza Barazani. Miaka minne sasa, hakuna Idi anayokosa kwangu, hakuna Krismasi ninayokosa kwake. Akija Nkwenda huleta ndizi za kupika bila kuombwa, na hukaa kwenye kigoda kando ya cherehani akinisomea walichoandika wenzetu.

Nikaanza kumpima kwa kila alichowahi kufanya. Mbona aliniuliza mwaka jana kama Twaha anatumia dawa zozote? Na simu yake mpya aliipata wapi? Mbona akisoma ujumbe siku hizi anageuza kioo upande wake? Alinisalimia kwa ujumbe Jumatatu, nikamjibu kwa neno moja. Alipiga, sikupokea. Niliona kila kitu kinajipanga vizuri, kama vipande vya nguo iliyokatwa na fundi mzuri.

Mashaka ni fundi mzuri kuliko mimi.

Simu za wale watu hazikukoma. Ya pili. Ya tatu. Halafu ujumbe wa mtu mwingine kabisa, wa kuuza mikopo, nao umeanza kwa "Habari Dada Sindano". Ndipo nikatega mitego miwili, na nilijiona mjanja sana.

Mtego wa kwanza ulikuwa wa Adelina. Nilimpigia, nikalegeza sauti, nikamwambia daktari amenikuta na uvimbe tumboni na huenda nikapasuliwa. Nikamwambia ni yeye peke yake anayejua. Aliniuliza kama naumwa sana. Kisha akasema, "Usiogope, dada. Nipo." Nami nikawa nasikiliza ile "nipo" kama polisi.

Mtego wa pili niliutega ndani ya akaunti yangu ya Baraza. Kuna ukurasa wa siri ambao unajaza jina lako halisi, namba ya simu na wilaya. Wanachama hawauoni. Hata sisi walezi hatuoni ukurasa wa mwingine. Nilifuta Zaituni, nikaandika Mwantumu. Hakuna Mwantumu yeyote maishani mwangu. Nililichagua kwa sababu hiyo.

Nikasubiri. Kama wangeniambia habari ya uvimbe, ni Adelina. Kama wangeniita Mwantumu, ni Baraza.

Siku ya tano ujumbe uliingia nikiwa nanyoosha suruali. "Ndugu Mwantumu, tunajua unayopitia katika ndoa yako. Usikate tamaa."

Nikasoma mara tatu. Pasi ikachoma suruali ya watu.

Kwa hiyo ni wao. Jukwaa lenyewe. Kile kilichoandikwa uani kilitoka na namba yangu na jina langu, kikapewa watu nisiowajua. Hakuna aliyeniibia, hakuna rafiki aliyenisaliti. Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilihisi baridi, kwa sababu Adelina alikuwa bado anaamini nina uvimbe.

Alikuja kesho yake, Alhamisi. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda bodaboda kwenye mvua, na alipoingia kibandani kwangu maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mtandio. Hakukaa. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi yake ni muuguzi katika hospitali kubwa. Alikuwa ameshazungumza naye, na daktari wa akina mama angeniona Jumanne.

"Sikumwambia jina lako," akasema haraka, kana kwamba nilikuwa nimemlaumu. "Nimesema ni mtu wangu, na jina atalitaja mwenyewe akifika. Na pale kwenye maombi ya Jumatano nimewaambia wamwombee mgonjwa tu. Mungu anajua ni nani."

Nilishindwa kuinua macho.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kwenda kwa huyo daktari, nikarudi na kusema uvimbe umeyeyuka kwa maombi yao, na watu wote wakafurahi. Niliwaza hivyo, nakiri, kwa muda wa kutosha kuona aibu. Kisha nikamwambia. Simu, mashaka, mitego, Mwantumu, yote.

Adelina aliikunja ile karatasi taratibu mpaka ikawa ndogo kama ukucha.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipima," akasema.

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nimeogopa siku tano, Zaituni. Nimefundisha hesabu huku nakuona kwenye meza ya upasuaji."

Hakunipa nafasi ya kuomba radhi. Alifika mlangoni, akageuka, akasema jambo ambalo linanikera hadi sasa kwa sababu ni kweli. "Na mimi wananipigia. Wananiita kwa jina la Barazani. Nami nilijua nani aliyeniingiza huko. Lakini sikukushuku."

Akaondoka kwenye mvua ileile.

Siku hiyohiyo nilimwandikia Katibu. Nilimwandikia kwa hasira na kwa herufi kubwa. Nikamwambia maneno ya Chumba cha Uani yako mikononi mwa waganga na wakopeshaji. Alijibu baada ya saa mbili, kwa utulivu wa mtu anayekunywa soda.

"Dada Sindano, hakuna aliyeiba kitu. Tuna washirika wanaotusaidia kuendesha jukwaa. Wanachama wote mlikubali masharti mapya. Soma kifungu cha tisa."

Nikasoma. Ni mara yangu ya kwanza kusoma. Kifungu cha tisa kinasema mwanachama anaridhia taarifa zake, pamoja na yote anayoandika katika vyumba vyote, kushirikishwa kwa washirika wa Baraza ili kuboresha huduma. Katika vyumba vyote.

Sasa ungamo lenyewe. Nimezunguka sana kabla ya kulifikia, na kalamu imekuwa nzito.

Masharti hayo yalipotoka mwezi wa sita, wanawake wa Chumba cha Uani walisita. Kila ukifungua, kisanduku kinatokea: soma, kisha bonyeza Nakubali. Kadhaa waliniuliza, Dada Sindano, hiki ni nini? Katibu aliniomba niwatulize. Nami nikabandika tangazo juu kabisa, na picha ya waridi. Nililitafuta Alhamisi, lilikuwa bado lipo, nikalinakili. Nalinukuu neno kwa neno:

"Wapendwa, msisumbuke kusoma, ni mambo ya kawaida. Bonyezeni Nakubali tuendelee na stori zetu."

Waliniamini. Ndani ya siku mbili wote walikuwa wamebonyeza.

Tena kuna saba wa wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, ambao niliwaandikisha kwa mikono yangu. Wengine hawakuwa na uzoefu wa simu janja, na jina langu la humo sikuwatajia. Nilichukua simu zao, nikajaza namba, nikabonyeza. Adelina ni mmoja wao. Hata masharti hayo mapya hakubonyeza yeye. Nilibonyeza mimi, huku nikimwambia habari za sehemu iliyopita ya mchezo.

Nilimtafuta aliyeniuza kila mahali isipokuwa kwenye kidole changu.

Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, nilimwambia Twaha. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa sauti ile tamu. Alikuwa bado na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Umeandika jina langu?"

"Hapana."

"Umeandika majibu?"

"Ndiyo."

Alinawa mikono muda mrefu, maji yakaisha kwenye birika. Sijawahi kumwona Twaha akilia, na hata jana sikumwona, kwa sababu alinipa mgongo. Aliposema, alisema polepole. "Yaliyo yako uliyosikia kutoka kwa dada zangu, una haki nayo, yaseme popote. Najua nimekubebesha. Lakini yale majibu yalikuwa ya watu wawili, Zai. Ungeniuliza."

Nilisema nisamehe. Akatikisa kichwa, sijui kwa maana gani. Akavaa viatu. Mlangoni akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Wakinipigia, niwajibu nini?"

Alirudi magharibi akaleta nyama nusu kilo na hakurudia mazungumzo yale. Ila simu yake naye sasa anaiweka kifudifudi.

Mchana ule, baada ya Twaha kuondoka, niliingia Chumba cha Uani nikaandika ukweli. Niliandika kwamba yaliyosemwa humu yametoka, kwamba tangazo la waridi lilikuwa langu na lilikuwa kosa, kwamba kila mmoja afute anachoweza na adai taarifa zake zifutwe, na kwamba sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo nchini na tunaweza kupeleka malalamiko. Haikupita saa moja. Katibu alifuta maneno yangu, akanivua ulezi, akafunga akaunti yangu. Lakini kabla haijafungwa niliona kumi na tisa wameshasoma. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Ulituambia ni salama." Sikupata nafasi ya kumjibu, na simjui jina.

Nikaanza kuwapigia wale saba. Nilianza na mkubwa wao kwa umri, mama mmoja mjane wa Ihembe, tumwite Ma Paulina. Simu ilipokelewa na mwanamume.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza bila salamu. "Wewe ndiye uliyemwandikia mama habari za kibanja?"

Kibanja, shamba lake la nyumbani. Ndiyo, habari hizo niliziandika mimi.

Ma Paulina hajui kuandika. Anasikiliza mchezo kuliko sisi sote, anawakumbuka wahusika mpaka wajomba zao. Mwezi wa saba mwaka huu nilikwenda kwake kumpima gauni la kitenge, akaniomba na yeye aingie huko ninakowaambia watu waingie. Nikamwandikisha kwa simu ya familia. Sikuuliza simu hiyo hukaa na nani. Katika mchezo kulikuwa na baba aliyewanyima binti zake urithi, na Ma Paulina akaniambia andika: mimi kibanja changu nataka kumwachia binti yangu, aliyeachika, kwa sababu ndiye anayepalilia kahawa na migomba, na kaka zake wana vyao. Lakini wasijue kwanza. Nataka niwaambie kwa wakati wangu. Nikaandika hivyo hivyo, Chumba cha Uani, nikaweka na alama ya moyo.

Wiki iliyopita ujumbe wa madalali wa mashamba uliingia kwenye simu ile. Ulisema wamesikia mama ana kibanja anataka kumrithisha binti, na kama familia haijaafikiana wao wako tayari kununua. Simu ilikuwa mfukoni mwa mtoto wake mkubwa.

Leo asubuhi nikaenda. Kabla ya kuondoka nilipita kwenye duka la kuchapa, nikatoa masharti ya Baraza kwenye karatasi, kurasa nane. Nilitaka niwe na kitu mkononi. Njia nzima niliogopa nitamkuta yule mwanawe.

Sikumkuta. Nilimkuta Ma Paulina jikoni na binti yake wanachambua senene, mwanga hafifu, moshi mwingi. Niliinama nikasema shikamoo. Alimaliza kwanza senene aliyekuwa mkononi. "Marahaba, waitu. Kaa." Aliniita waitu, wa kwetu, akanisogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote. Heshima ile iliniumiza kuliko tusi.

Nilimweleza yote. Binti yake hakuniangalia hata mara moja, aliendelea kung'oa mabawa ya senene, haraka haraka.

"Walikuja Jumapili," akasema Ma Paulina. "Wanangu wa kiume na ndugu za marehemu. Wakakaa pale. Wakaniuliza mbele ya huyu binti kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Sikuwa tayari. Nilitaka nianze na mkubwa, peke yake, siku akiwa amekula vizuri. Yule mkubwa nikimwanza kwa upole husikia. Sasa amesikia kwa mtu wa simu. Hanisalimii."

"Kibanja?"

"Kibanja nimesema ni cha huyu, na mwenyekiti wa kitongoji ameandika. Hilo limekwisha. Lakini neno langu wamelifikisha kwa mwanangu kwa mlango mbaya."

Nikaomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba tena kwa Kinyambo, maana kwa Kinyambo siwezi kujificha nyuma ya maneno. Nikamwomba pia ruhusa ya kuandika habari hii, na kama hataki nitaiacha. Akafikiri. Akasema niandike, wengine wasikie, ila jina nimpe lingine na nisiseme kibanja kiko upande gani. Ihembe ni pakubwa. Zaidi ya hapo sisemi.

Ruhusa nimeanza kujifunza kuiomba ukubwani. Twaha ameniruhusu leo kabla sijatoka, akijua wa hapa watamtambua hata kwa jina ambalo si lake. Adelina nilimpelekea jana jioni sehemu inayomhusu, kwa karatasi, kwa mkono wa dereva wa bodaboda tunayemwamini wote. Karatasi ilirudi leo nikiwa safarini. Amefuta aya mbili kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, na pembeni ameandika: "Hizi ni zangu." Nimeziacha nje. Jina la Adelina amelichagua mwenyewe. Kuhusu kunisamehe hajaandika kitu, na mimi sitamtegea ili nijue.

Nirudi jikoni kwa Ma Paulina, nimalizie.

Aliona zile karatasi mapajani mwangu, akauliza ni nini. Nikamwambia ndiyo masharti, yale uliyoyakubali. Akashangaa. Akasema hakumbuki kukubali kitu. Nikamwambia nilikubonyezea mimi.

"Nisomee."

"Ni marefu, mama."

"Mvua nayo ni ndefu. Nisomee."

Nikasoma. Kurasa nane, kifungu kwa kifungu, nikigeuza kila sentensi kwa Kinyambo, na pale nisipoelewa mwenyewe nikisema sielewi. Nilisema hivyo mara nyingi. Binti yake aliacha senene akasikiliza. Tulipofika cha tisa Ma Paulina aliinua mkono nisite kusoma.

"Hao washirika ni nani?"

"Siwajui."

"Wanakaa wapi?"

"Sijui."

"Wakishachukua neno lako, ukilitaka wanakurudishia?"

"Wanasema wanaweza kulifuta. Kulirudisha, hapana."

Alitazama moto. Nilijua linakuja jambo, nikajiandaa kulaumiwa, nikaona hata nafuu kwamba hatimaye nitalaumiwa. Lakini hakupandisha sauti. Alisema kwa upole, kama anayeniambia bei ya ndizi.

"Ungenisomea hivi siku ile, mwanangu, ningekataa."

Hakuna zaidi. Akaniambia nile senene kabla ya kuondoka, njia ni mbaya.

Nimekaa na neno hilo tangu saa saba. Ningekataa. Lilikuwa jibu jepesi, la neno moja, na alikuwa nalo tayari tangu siku ile nilipomshikia simu. Mimi tu sikuuliza.

Wamebaki watano. Kesho naanzia Kamuli, kwa mama mwenye mapacha, kisha nitashuka kwa wengine mvua ikiniruhusu. Kurasa nane kwa kila mmoja, kwa sauti. Na wakishasikia, nitaandika barua ya kudai namba na maneno yao yafutwe, kila mmoja kwa jina lake, kwa dole gumba lake mwenyewe.

Atakayekataa hata barua, nitamsikia.